Mwaka Niliojifunza Kumwosha Mtu Mzima

Wauguzi wengi niliofanya nao kazi husema waliingia kazini kwa huruma, na sina sababu ya kuwabishia. Mimi niliingia kwa sababu nilitaka kujua nesi mmoja alikuwa anahesabu nini.

Shangazi yangu, mdogo wake baba, alipasuliwa uvimbe wa tumbo katika hospitali ya Mpanda, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumuuguza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa nyumbani Inyonga, nikisaidia kufunga tumbaku na kuchuja asali. Tulisafiri juu ya lori lililobeba magunia ya mahindi. Shangazi alilala kwenye godoro tulilomtandikia katikati ya magunia, na kila gari lilipoingia shimoni alifumba macho na kunibana mkono.

Baada ya upasuaji nilikaa naye wodini mchana kutwa. Kila asubuhi nesi mmoja alipita kitanda hadi kitanda. Alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akatazama saa iliyoning'inia kifuani mwake, midomo yake ikacheza kidogo bila sauti. Halafu akaandika kitu na kwenda kwa mwingine. Nilimtazama hivyo asubuhi kadhaa, na kila mara niliamini anasali. Mwishowe nikashindwa kuvumilia.

"Samahani dada, unamwombea?"

Akanitazama kwanza kuona kama namtania. "Namhesabia," akasema. "Hebu lete mkono wako."

Alichukua vidole vyangu akaviweka kwenye mkono wa shangazi, chini ya kidole gumba. "Tulia. Unasikia nini?"

"Kuna kitu kinaruka."

"Huo ni moyo wake. Uko kule kifuani, lakini habari zake zinafika mpaka hapa."

Wiki ile yote sikuacha watu na mikono yao. Nilimshika mama wa kitanda cha pili, nikamshika muuza karanga aliyekuja dirishani, nikajishika mwenyewe baada ya kukimbia bombani na kurudi na ndoo. Niligundua kwamba moyo wa shangazi uliharakisha kila alipoona daktari anaingia, hata kabla hajaguswa. Nilimuuliza nesi kwa nini. Alinijibu. Nikamuuliza kwa nini moyo wa mtoto mchanga unakimbia kuliko wa mtu mzima. Hilo pia alinijibu. La tatu akasema ana wagonjwa wengine.

Siku tuliporuhusiwa kurudi nyumbani alinisindikiza hadi mlangoni. "Wewe maswali yako yatakuletea ama shida ama kazi," akasema. Ndipo aliponieleza kwamba hospitali huchukua vijana wa kufundishwa uuguzi msaidizi. Darasa la saba lilikuwa bado linatosha. Unasoma mwaka mmoja huku ukifanya kazi wodini, unatahiniwa na watu wa mkoani, na ukifaulu unapewa cheti na leseni ya kugusa wagonjwa. Alisema hivyo hivyo, leseni ya kugusa wagonjwa. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupewa ruhusa ya jambo kama hilo.

Baba hakufurahi. Nilimkuta uani akichonga mzinga wa nyuki, nikamwambia, naye akaendelea kuchonga.

"Utaosha wanaume?"

"Nitaosha wagonjwa, baba."

"Wagonjwa wanaume."

"Na wao watakuwemo."

"Na maiti?"

"Nadhani na maiti."

Alipuliza vumbi la mti. "Unatafuta nini huko?"

Nikamwambia nataka kujua mtu anafanyaje kazi huko ndani. Alifikiria. "Mimi nimefuga nyuki tangu ujana wangu," akasema, "na mpaka leo sijui wanafanyaje kazi humo ndani. Nakula asali tu." Nilidhani amekataa. Lakini lori lililofuata la kwenda Mpanda lilipopita, alinibebea sanduku mwenyewe na akamwomba dereva anikalishe mbele, si juu ya mizigo.

Tuliokuwa darasani hatukuzidi watu kumi, wengi wasichana. Mwalimu wetu alikuwa muuguzi wa siku nyingi, mama wa Kifipa, mrefu, aliyevaa raba nyeupe alizozipaka chaki kila Jumatatu. Hakupenda kueleza. Ukimuuliza kitu alikupa kitu cha kufanya, na jibu ulilikuta humo. Nilipomuuliza kwa nini shuka la mgonjwa lazima livutwe mpaka lisiwe na mkunjo hata mmoja, alisema tutaona wiki ijayo.

Wiki iliyofuata alitupeleka kwenye chumba kilichokuwa na vitanda vitupu. "Leo hamuandiki," akasema. "Nusu yenu mnalala, nusu mnahudumia. Anayelala hainuki, hajigeuzi, hajilishi. Anachotaka anaomba."

Nilikuwa miongoni mwa wa kulala, na nilifurahi, nikidhani ni mapumziko. Kwa muda mfupi yalikuwa mapumziko kweli. Halafu nikaanza kusikia chembe ya kitu chini ya bega langu, labda mchanga, labda kipande cha mkate. Ilikuwa chembe tu. Kadiri nilivyolala ikawa kokoto, kisha ikawa jiwe. Wenzangu wakasimama juu yangu wakizungumza habari za sokoni Kashaulili, nani ameona kitenge gani, kana kwamba mimi ni meza. Mmoja akanilisha uji bila kuniangalia, ukaingia shingoni. Nilitaka kwenda haja nikaogopa kusema. Nikatazama dari. Ilikuwa na madoa ya maji ya mvua, moja kama ramani ya ziwa, jingine kama mbuzi asiye na kichwa, na kabla hatujaruhusiwa kuinuka niliyajua yote.

"Mmejifunza nini?" mwalimu akauliza.

Wengine walisema mambo ya maana. Mimi nikasema nimejua kwamba dari ina madoa. Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Mgonjwa wako anayajua madoa hayo kuliko anavyokujua wewe," akasema. "Ukienda kwake, mpe kitu kingine cha kutazama. Mpe uso wako."

Kuanzia hapo nilitandika mashuka kwa uangalifu ambao mama yangu, kama angeuona, angeuliza ulikuwa wapi miaka yote.

Mwezi wa kiangazi kikali nilihamishiwa wodi ya wanaume, na huko nilimkuta mzee mmoja Msukuma aliyeletwa kutoka upande wa Majimoto. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe lilimpitia pajani. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo kwenye ncha ya kitanda, na mwisho wa kamba ulining'inia mfuko wa mchanga. Alitakiwa kulala hivyo wiki nyingi mpaka mfupa ushike. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, mwenye bangili ya shaba mkononi, na blanketi lake alilishika kwa mikono miwili hadi kidevuni. Hakuruhusu mtu yeyote kulifunua. Alikubali kunawa uso na mikono tu. Wahudumu wanaume waliokuwapo walijaribu akawafukuza. Kitanda chake kilianza kutoa harufu.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa nje ya mlango. Palikuwa na mwanamke kijana aliyekaa barazani tangu asubuhi hadi jioni, mgongo wake ukielekea wodini. Alipika chakula cha mzee kule kwenye majiko ya ndugu wanaouguza, akakileta, akaniwekea mkononi. "Mpelekee mzee," alisema, na kurudi kukaa vile vile, akitazama uani.

"Kwa nini huingii?" nikamuuliza.

"Ni baba mkwe," akasema, kama vile amenijibu kila kitu.

Kwetu Wakonongo pia mkwe huheshimiwa, lakini sikuwa nimeona heshima ya namna ile. Mumewe, mtoto wa pekee wa kiume wa yule mzee, alikuwa amebaki na ng'ombe, maana malisho yalikuwa yameisha na mifugo lazima ihamishwe. Kwa hiyo aliyetakiwa kumhudumia mzee alikuwa mtu asiyeruhusiwa kumgusa, wala kumwona amelala.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia mzee amekataa kuoshwa.

"Kwa nini?"

"Anaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Sijui."

"Basi kamuulize."

Kiswahili cha mzee kilikuwa kidogo, lakini Kisukuma na Kikonongo ni ndugu, kwa hiyo tulikutana katikati. Nikavuta kigoda nikakaa mahali anaponiona. "Mzee," nikasema, "kinachokuzuia ni nini?"

Alilikaza blanketi kidevuni. "Na mimi nikuulize. Wewe ni nani kwangu?"

"Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi."

"Hiyo ni kazi yako. Nimekuuliza ni nani kwangu. Mke wangu amekufa. Binti zangu wameolewa mbali. Aliye nje hawezi kuingia. Sasa wewe ukiinua hili blanketi, umeliinua kama nani?"

Katika yote tuliyoandika darasani, jinsi ya kupima joto la maji kwa kiwiko, jinsi ya kuanza na macho na kumalizia na sehemu za siri, hapakuwa na mahali palipoandikwa unafanya hayo kama nani. Lilikuwa swali zuri kuliko yangu yote, na nilitaka kweli kujua jibu lake.

"Kwenu anaruhusiwa nani?" nikauliza.

Naye akaanza kufikiri, macho yakiwa darini. Binti, hapana. Dada, hapana. Mke wa ndugu, labda, lakini hayupo. "Mjukuu," akasema mwishowe. "Mjukuu hana adabu tangu zamani. Anampanda babu mgongoni, anamvuta ndevu, anamwambia babu unanuka, na babu hawezi kukasirika."

"Basi, babu," nikasema, "unanuka."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuza kichwa. Kisha tumbo la mzee likaanza kutikisika chini ya blanketi, kitanda kikatikisika, mfuko wa mchanga ukaanza kubembea mwisho wa kamba, naye akawa anacheka na kuugulia maumivu kwa pamoja. Alipotulia, aliachia blanketi.

Nilizungusha pazia, nikaleta maji ya moto. Nilimwosha kidogo kidogo, sehemu moja ikiwa wazi na nyingine zimefunikwa, kama nilivyofundishwa. Nilipomwomba ajinyanyue kidogo nimsafishe nyuma, nilikuta kile mwalimu alichokuwa anatutisha nacho kila siku. Juu kidogo ya makalio, pale mfupa ulipo karibu na ngozi, palikuwa na kidonda cha kulala sana, kimefunguka upana wa kifungo cha koti, na ngozi ya pembeni imegeuka rangi.

Nilimwita mwalimu. Aliangalia, akasema kidonda kisafishwe kila siku, na zaidi ya yote mzee anyanyuliwe kila baada ya muda, mchana na usiku, ili mahali pale papate hewa na damu ipite. Nilianza kumweleza mzee kuhusu damu. Akanikatiza.

"Ni ng'ombe wa kiangazi," akasema.

Nikamwomba anieleze. Akasema wakati wa njaa ya majani ng'ombe aliyedhoofu hulala na kushindwa kuinuka. Asipoinuliwa, ubavu wake unaoza angali hai. Kwa hiyo watu huja, hata majirani mnaogombana nao, wanapitisha fito chini ya tumbo, mmoja anashika mkia, na wanamwinua asimame hata kwa muda mfupi. Kisha anaachwa alale upande mwingine. Kesho tena. "Mwenye uvivu wa kuinua," akasema, "anakula nyama mapema."

"Na ukimwinua anasimamaje wakati hana nguvu?"

"Hasimami yeye. Mnasimama nyie."

Fundi wa hospitali alitufungia bomba la chuma juu ya kitanda na kamba ya kushika. Mzee alivuta, mimi na mwenzangu tukapitisha mikono chini ya kiuno, yeye mwenyewe akatoa amri kwa Kisukuma, na juu akaenda. Alitugombeza tulipoinua vibaya. Alisema ng'ombe wake wangekufa wote mikononi mwetu. Baada ya siku chache tulikuwa tunakwenda naye vizuri, na wagonjwa wengine waliisubiri ile amri yake kama watu wanaosubiri taarifa ya habari redioni.

Wakati wa kumwosha tuliulizana. Nilimuuliza anajuaje ng'ombe anaumwa kabla hajaacha kula. Alisema pua: pua ikikauka, mtazame masikio, na masikio yakilala, usingoje. Yeye aliniuliza kwa nini tunamwekea kile kijiti cha kioo kwapani. Nikamwonyesha zebaki inavyopanda. Alitaka ishuke tena mbele ya macho yake, nikaikung'uta ikashuka, naye akasema sasa ameona hospitali.

Kidonda kilianza kujifunga kutoka pembeni, polepole, kama dimbwi linavyokauka.

Siku moja yule mkwe wake alinipa sahani ya ugali na maziwa ya mgando, lakini hakuiachia. Alikuwa anatazama chini.

"Dada, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Baba mkwe wangu anafananaje?"

Sikumwelewa. Akaniambia amekaa kwenye boma la mzee miaka mitatu, amempikia kila siku, anaijua sauti yake na hatua zake na kikohozi chake, lakini usoni hajawahi kumtazama vizuri. Akija, yeye anapisha njia na kuinamisha kichwa. Sasa alikuwa anaogopa mzee atafia mle ndani, na siku moja watoto watamuuliza babu yao alikuwaje.

Nilikaa naye barazani nikamweleza. Nikasema ana paji pana, lenye kovu dogo karibu na nyusi ya kushoto. Meno ya mbele yameachana. Masikio makubwa. Jicho moja linafumba kuliko jingine anapotaka kucheka, na ukilitazama hilo unajua kabla hajafungua mdomo. Alisikiliza akiwa amefunga macho. "Mume wangu naye jicho lake linafanya hivyo," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Nami nikajikuta nafikiri kwamba nisingeulizwa nisingejua kwamba nimeutazama uso ule kiasi hicho.

Mtihani wa vitendo ulikuja mwishoni mwa mwaka. Mtahini alitoka Sumbawanga, maana wakati huo sisi tulikuwa bado mkoa wa Rukwa. Alikuwa bwana mpole mwenye miwani aliyezungumza taratibu. Kila mwanafunzi alipangiwa mgonjwa, na kwa bahati tu mimi nikapangiwa yule mzee, aliyekuwa amebakiza muda mfupi kitandani kabla ya kuruhusiwa.

Nilimwosha huku mtahini amesimama ndani ya pazia. Mwanzoni nilipima joto la maji kwa kiwiko mara mbili, kisha mikono ikasahau kwamba inatazamwa. Mtahini aliniuliza kwa nini nimefunika kifua wakati naosha miguu, nikajibu. Akaniuliza habari za kidonda, nikajibu. Halafu akamgeukia mgonjwa.

"Mzee, huyu binti anakuhudumiaje?"

"Ni mjukuu wangu," mzee akasema.

Mtahini akashusha kalamu. "Hairuhusiwi mtu kutahiniwa kwa ndugu yake." Akamtazama mwalimu, naye mwalimu akanitazama mimi. "Ni mtoto wa nani wako, mzee? Wa binti yako?"

"Baba yake simjui."

"Mama yake je?"

"Wala mama yake."

"Sasa amekuwaje mjukuu wako?"

"Aliniambia ninanuka," mzee akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichowahi kumsikia akizungumza.

Mtahini akaondoa miwani. "Ni kweli ulimwambia mgonjwa ananuka?"

"Ndiyo," nikasema.

"Akafanyaje?"

"Akacheka. Halafu akaniruhusu nimwoshe."

Mtahini akamtazama mzee, akatazama kamba na bomba, akainama kuangalia lile kovu jipya la waridi ambapo kidonda kilikuwapo. Aliandika kwa muda mrefu. Alichoandika sikukijua, na hilo ni mojawapo ya mambo machache ya mwaka ule ambayo bado natamani kuyajua.

Mzee aliondoka na magongo, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo. Mwanawe alikuja kumchukua kwa lori. Alipandishwa mbele, mkwe akapanda nyuma, juu, mgongo ukielekea mbele. Mzee alinishika mkono akaniambia kwamba ng'ombe wawili wamekufa kwa kiangazi lakini waliobaki wanasimama.

Majibu yalikuja na basi la Sumbawanga. Nilikuwa nimefaulu. Cheti na leseni nilivipata baadaye, na nilipangiwa zahanati moja katika tambarare ya Mpimbwe, ambako kulikuwa na mganga mmoja, mkunga mmoja, na mimi. Asubuhi ya kwanza nilivaa gauni langu lililopigwa pasi, nikafungua mlango, nikamkuta mama mmoja amekaa kwenye benchi na mtoto mgongoni. Alikuwa mkulima wa mpunga, miguu yake bado ina tope la jaruba.

"Wewe ndiye nesi?" akauliza.

"Mimi ni muuguzi msaidizi."

Akanipima kwa macho, kuanzia kofia mpaka viatu. "Unamsaidia nani?"

Nilifungua mdomo nikaona sijui kama jibu ni mganga, au mkunga, au yeye. Nikakaa pembeni yake kwenye benchi, nikamwomba amshushe mtoto, nikaanza kumuuliza.